Kibao cha Mwembe na Funguo za Karakana

Mwenzangu wa chumba alikiacha kibao changu cha kukatia mboga kwenye beseni la maji usiku kucha. Asubuhi kilikuwa kimevimba na kupinda, na kilipoanza kukauka kikapata ufa kutoka pembeni hadi katikati. "Tupa bwana, bumu likitoka tutanunua cha plastiki," akasema. Sikutupa. Nilipewa na mama siku naondoka nyumbani, na kimekata vitunguu vya chumba kizima kwa miaka miwili.

Nikaenda karakana ya chuo kuomba randa kwa saa moja tu. Nikaambiwa mimi si wa kitivo kile, nirudi na barua. Barua ya nini sasa, ya kuazima randa? Nikaishia kwa fundi seremala nje ya geti, aliyenipa yake kwa sharti kwamba nimnolee.

Kazi yenyewe haikuhitaji mashine hata moja. Kwanza nilikiacha kikauke wiki nzima kivulini, kikiwa kimesimama ili hewa ipite pande zote. Juani upande mmoja ungetangulia kukauka na kingezidi kupinda. Ufa niliusafisha kwa wembe, nikasukumia gundi ya mbao, halafu nikakizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli nikivivuta kwelikweli, maana jiriwa sina. Kesho yake ndipo nikashika randa. Kibao kilichopinda unaanza kukipiga randa mshazari, unapunguza kingo zilizoinuka, unaweka rula juu yake na kuangalia mwanga unapenya wapi. Kikishanyooka ndipo unafuata nyuzi. Makovu ya kisu yalipoisha ikatoka harufu ya mbao mpya, aisee, nilikaa nacho tu nakinusa.

Msasa namba 80, 120, kisha 220. Mwisho mafuta, na hapa wengi hukosea: wanapaka ya alizeti, yanachacha na kunuka. Mimi niliyeyusha nta ya nyuki na parafini ya maji ile ya duka la dawa, inayonywewa kulainisha choo. Siyo mafuta ya taa, tafadhali.

Na mnaosema mbao ni uchafu: mwaka 1994 Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa bakteria waliowekwa juu ya mbao walizama ndani na hawakuongezeka, ilhali plastiki iliyojaa mikwaruzo ya kisu ilikuwa ngumu kusafishika kwa mkono. Kuosha ni lazima vyote viwili, lakini plastiki ikishachakaa huwezi kuipiga randa.

Hoja yangu kwa serikali ya wanafunzi ni hii: ombeni karakana ifunguliwe kwa wote Jumamosi asubuhi, vifaa vya mkono tu, fundi sanifu mmoja akisimamia. Mtasema vitaibwa. Mtu aache kitambulisho mlangoni, kama maktaba. Mtasema mtu atajikata. Mbona jikoni hosteli tunajikata kila siku na hakuna anayedai barua? Vitanda vinalegea, viti havina miguu, na randa zinashika kutu ndani ya kufuli, wakati ada tunalipa sote.

Mwenzangu wa chumba siku hizi akimaliza kukata anakiosha na kukisimamisha ukutani kabla hata hajala.