Vumbi Lile Ni Mbolea Yako Inayopaa

Ndugu mkulima, acha kusema "ni vumbi tu." Septemba na Oktoba upepo ukivuma Usangu au kule Ismani, hauanzi na mchanga mzito. Unabeba chembe laini za mfinyanzi na mboji, na hizo ndizo zinazoshika fosforasi, potasiamu na naitrojeni. Wekundu unaouona juu ya mabati ni madini ya chuma. Vumbi la Sahara hupeleka takriban tani 22,000 za fosforasi kila mwaka hadi misitu ya Amazon. Wenzetu wanapokea bure, sisi tunapoteza bure.

Halafu tunachoma mabua! Naitrojeni inaondoka na moshi, yanabaki majivu yenye potasiamu, na upepo unayamalizia. Novemba mtu huyohuyo yupo kwenye foleni ya ruzuku akilalamikia bei ya DAP, ambayo mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 9 tu. (Mwenye duka la pembejeo asinichukie.)

Mnasema moto unafukuza panya na kurahisisha kulima. Sawa, lakini mnalipa kwa udongo. Mwaka huu lazeni mabua yakingame upepo, kiberiti kibaki jikoni.