Mita 60 Ni za Maskini Tu?

Makamanda,

Konda bado anaita "Africana! Africana!" pale Barabara ya Bagamoyo, lakini wengi tunaoshuka hapo hatujui kuwa Africana ilikuwa hoteli ya ufukweni. Bahari iliula ufukwe wake mpaka hoteli ikaachwa.

Jamani, bahari haikuamka tu ikaamua kuila Dar. Mchanga wa fukwe za Kunduchi na Mbezi huletwa na mito kama Tegeta, Mbezi na Mpiji. Ukichimbwa huko mtoni ukapakiwa kwenye malori kwenda saiti, wimbi linachukua na hakuna kinachorudi. Mwenye hela anajenga ukuta wake, wimbi linagonga hapo na kwenda kula kwa jirani. Mikoko nayo inakatwa, na kina cha bahari kinapanda.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au mto. Mwishoni mwa 2015 tuliziona mita hizo zikifanya kazi Bonde la Msimbazi: alama nyekundu za X, kisha tingatinga. Sawa, mabondeni ni hatari, hatubishi. Ila mbona tingatinga likifika ufukweni kwa vigogo linakuwa na adabu?

Watatuonesha ukuta wa Barabara ya Barack Obama. Ni mzuri, unalinda barabara. Lakini huwezi kuizungushia ukuta pwani nzima huku malori yanasomba mchanga mtoni.

Sasa, kifungu cha 4 cha sheria hiyohiyo kinatupa haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinaturuhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa. Na si ndoto: mwaka 1991, kabla hata ya sheria hii, wakazi zaidi ya 700 wa Kunduchi Mtongani waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka kwenye makazi yao. Mahakama Kuu ikawapa ushindi.

Kwa hiyo kila tawi la pwani lianze kazi wiki hii. Pigeni picha machimbo na kuta, andikeni tarehe na mahali, pelekeni barua serikali ya mtaa na NEMC, mbaki na nakala yenye muhuri. Wakikaa kimya, tukutane mahakamani.

Mita 60 ni mita 60, Msimbazi na Masaki.