Ukitaka mchoro halisi, omba muda badala ya punguzo

Ingia duka lolote la vitu vya nyumba mjini. Hutakosa picha ya daraja la New York au mnara wa Paris, imechapishwa kwa mashine kwenye kitambaa, na bei yake si ya mchezo. Watu wanalipa na kubeba. Lakini ukiwatajia mchoro wa msanii wa hapa kwetu, jibu ni moja tu: hizo ni za matajiri. Sisi hatukubali.

Ni kweli, kuna turubai zinazouzwa kwa pesa ambazo wengi wetu hatutawahi kuzishika. Ila msanii huyohuyo mara nyingi ana michoro midogo ya kalamu au makaa, na chapa za mkono. Hizo ndizo za kuulizia. Kenya Museum Society huandaa maonyesho ya sanaa ya bei nafuu pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Banana Hill na Ngecha, kule Kiambu, zimelea wachoraji kwa miaka mingi, na kuingia kutazama si lazima ununue.

Chapa ya mkono inachanganya wengi, kwa hivyo tuielewe. Msanii huchonga picha kwenye ubao, hupaka wino, hukandamiza karatasi juu yake, halafu anarudia kwa karatasi nyingine. Kila karatasi inayotoka ni kazi halisi. Chini utaona maandishi ya penseli: sahihi, na namba kama 4/20, maana yake hiyo ni ya nne kati ya ishirini. Peterson Kamwathi, ambaye kazi zake zimefika mbali nje ya Kenya, alijijengea jina kwa chapa za aina hii. Nakala iliyotolewa na printa ya kompyuta ni kitu kingine. Haina ubaya, lakini ilipie bei ya bango.

Soko la Maasai nalo lina raha yake. Mchoro wa twiga unaouona kwenye meza tano umechorwa kwa kurudiwarudiwa, na hapo kuvutana bei ni desturi, endelea tu. Kwa msanii aliyekaa wiki tatu na kazi moja, mambo ni tofauti. Ukimkuta tarehe 28, kodi inamngoja, atakubali hata nusu ya bei. Hapo utakuwa umenunua shida yake, na mwaka ujao huenda ameacha kuchora anaendesha boda.

Badala yake, omba muda. Tuseme kazi ni shilingi 12,000 na huna hizo kwa mpigo. Mwambie utalipa 3,000 kila mwezi kwa miezi minne. Wengi watakubali, kwa sababu pesa inayokuja kila mwezi inawasaidia kupanga. Kazi ibaki kwake mpaka umalize kulipa; hivyo naye hana wasiwasi. Andikianeni mapema: ukikwama njiani, pesa uliyotoa inarudi yote, nusu, au hairudi? Jambo hili likiachwa bila kusemwa ndilo huleta maneno baadaye.

Na tafadhali usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya picha. Ndiyo, mikopo ni sehemu ya biashara hii yetu, na bado tunasema hivyo. Mkopo wa siku 30 ni wa dharura, na ukuta mtupu si dharura.

Sasa upande wa walaghai. Mtu anachukua picha ya kazi kutoka ukurasa wa msanii, anaiweka kwake na namba yake, halafu anakuambia utume malipo ya kwanza haraka kuna mteja mwingine. Kabla ya kutuma, omba video fupi ya kazi yenyewe, igeuzwe uone nyuma. Pia uliza jina litakalotokea kwenye skrini. Wasanii wengi hutia sahihi jina la usanii, na kwa kitambulisho ni jina lingine kabisa, kwa hivyo majina kutofautiana si ushahidi wa wizi. La muhimu ni akutajie jina hilo kabla, na ulione lilelile kabla hujaweka PIN. Lisipolingana, simama hapo. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu hata kwetu.

Ujumbe wa malipo unaonyesha ni nani amelipwa na lini, lakini hausemi ulinunua nini. Kwa hivyo dai risiti hata ya karatasi: jina la kazi, ukubwa, mwaka, imetengenezwa kwa nini, na namba yake kama ni chapa. Ukija kuiuza, au bima ikiuliza, hiyo ndiyo itakusemea.

Halafu kuna fremu, ambayo watu husahau kwenye bajeti. Kwa chapa ndogo, fremu na kioo vinaweza kukugharimu kuliko kazi yenyewe, kwa hivyo pata bei ya fundi kabla hujakubaliana na msanii. Mwambie fundi aache nafasi kati ya karatasi na kioo, hasa kama uko Mombasa au Kilifi, maana unyevu hufanya karatasi ishikane na kioo. Na usiitundike mkabala na dirisha la jua la mchana, rangi zitapauka.