Mnada wa Ndizi na Ada ya Chuo Kikuu



Desemba, wenzetu wa Dar es Salaam na Arusha wanapopanda nyumbani, mnada wa baada ya Misa huchangamka. Mkungu wa ndizi hununuliwa, hurudishwa, hununuliwa tena, mpaka bei yake inaipita ya mbuzi. Fedha hiyo huezeka kanisa, hujenga mnara, hununua kinanda. Sisi waseminari hushangilia pamoja na wengine. Ila hatujawahi kuhudhuria mnada wa kumlipia mtoto wa parokia ada ya chuo kikuu.

Kule New Orleans, Marekani, kipo Chuo Kikuu cha Xavier, cha Kikatoliki, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliofungiwa milango kwingine. Mtakatifu Katharine Drexel alikianza mwaka 1915 kama shule, kwa urithi wa baba yake mwenye benki. Huku kwetu hatukupata binti wa tajiri. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, shule zilifuata misheni, na baadaye ada ikatoka kwenye kahawa ya kihamba. Baada ya Azimio la Arusha shule nyingi za Kanisa zikataifishwa. Kanisa halikukata tamaa: leo Moshi tunacho Mwenge, chuo kikuu cha maaskofu wetu, kilichoanza kama chuo kishiriki cha SAUT cha kuandaa walimu.

Sasa kihamba kimegawanywa kwa wana na wajukuu, na kwenye vihamba vingi kahawa imeng'olewa. Mkopo wa serikali haumfikii kila mwombaji. Wapo wanaosema chuo ni cha maaskofu, wao ndio wajue. Hatukubaliani nao. Shule za babu zetu nazo zilikuwa za misheni, na bado walizibebea mawe.

Tunachoomba ni mnada mmoja tu kwa mwaka, hata kama bati la kigango halijakamilika. Ada ilipwe chuoni moja kwa moja. Kamati isiwe na shangazi wala mjomba wa mwombaji (tunajuana!). Na jina la kijana lisitangazwe kanisani. Umaskini wa mtu si tangazo la ndoa.

Parokia itakayoanza Desemba hii itujulishe. Tutakuwa likizo, mikungu tutabeba sisi.