"Hakujibu" Si Ushahidi

Wanavyuo wenzangu, kila muhula kwenye kazi za makundi kuna mtu anapelekwa kwa mhadhiri kwamba "hachangii". Ushahidi huwa uleule: "Tulimtumia, hakujibu." Mimi nasema huo si ushahidi mpaka kundi lionyeshe kwamba ujumbe ulitumwa na ulifika. Hasa kwa sisi tunaotunza kazi kwenye Git na kutegemea barua pepe itujulishe mwenzetu akibadilisha kitu.

Mwaka jana nilikuwa TP huku Geita. Kundi letu lilikuwa na ripozitori GitHub, yaani ghala la kazi yetu, na tulikubaliana kuwa barua pepe ndiyo itakayotuita. Niliwasha kufuatilia ripozitori yote. Wenzangu wakasukuma mabadiliko wiki mbili mfululizo, wakaona kimya, wakanishtaki. Wengine wakasema eti machimboni hakuna neti. Neti ilikuwepo. Barua pepe ndiyo haikuwahi kutumwa.

Sababu yake wengi hatuijui. Ukifuatilia ripozitori GitHub, unapata taarifa za mijadala, maombi ya kuunganisha kazi na matoleo mapya. Mabadiliko yaliyosukumwa moja kwa moja hayakuletei barua pepe. Hayo yana mpangilio wake pembeni, na msimamizi wa ripozitori ndiye anayejaza anwani, zisizozidi mbili. Kwa kundi la watu sita, njia rahisi ni kila badiliko lipitie ombi la kuunganisha kazi, na anayetakiwa kulipitia atajwe kwa jina lake la akaunti.

Kwetu Geita mchimbaji mdogo akikosa dhahabu hakimbilii kulaumu jiwe. Anaulizia hatua moja moja: duarani, kwenye karasha, mpaka mwaloni. Hata marudio yana wanunuzi, kwa sababu wanajua kuna dhahabu iliyobakia humo. Barua pepe nayo ifuatiliwe hivyohivyo.

Kwanza, je, ilitumwa? Git yenyewe, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inatunza historia ya mafaili. Haimtaarifu mtu kwa barua pepe kila ikipokea mabadiliko. Kama kundi lina seva yake, lazima iwekwe skripti iitwayo post-receive, ipewe ruhusa ya kuendeshwa, na seva iwe na programu ya kutuma barua.

Pili, ilikwenda anwani ipi? Anwani uliyoiandika kwenye Git ya kompyuta yako inaonekana kwenye mabadiliko yako tu. Taarifa za GitHub zinakwenda kwenye anwani uliyoichagua ndani ya akaunti, na lazima uwe umeithibitisha.

Tatu, ilipokelewa? Tangu Februari 2024, Google inawataka wanaotuma barua kwenda Gmail wawe na SPF au DKIM, vitu vinavyothibitisha kwamba aliyetuma ana ruhusa ya kutumia jina hilo la mtandao. Seva mliyoiunga bwenini ikituma yenyewe, barua itaishia kwenye spamu au itakataliwa kabisa. Itumieni kupitia seva ya barua inayotambulika. Angalia pia nafasi: GB 15 za bure za Google zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na picha zako. Picha za mahafali zikijaza, barua mpya zinarudishwa.

Najua kuna atakayesema, "Mtu mzima si angeingia mwenyewe aangalie?" Kweli, kila mmoja aingie hata mara mbili kwa wiki. Lakini kama kundi limekubaliana kuitana kwa barua pepe, anayeita naye ana wajibu wa kuhakikisha wito unafika. Na bando la kuchungulia ripozitori kila saa halitoki kwenye mfuko wa kiongozi wa kundi.

Napendekeza mambo mawili. Kila kundi lifanye jaribio siku ya kwanza: mmoja afungue ombi la kuunganisha kazi, awataje wote, na kila mtu ajibu kwamba limemfikia. Na wahadhiri wetu wanapoletewa mashtaka, waombe kuona jaribio hilo kabla ya kumkata mtu alama. Sisi tunaosomea ualimu tuanze sasa, maana kesho tutakuwa na madarasa yenye wanafunzi walio kimya, na itabidi tujue kwanza kama swali liliwafikia.