Mpiga Besi Asipokuja



Jumapili iliyopita waimbaji walikuwa sita, ngoma ilikuwepo, kinanda kilikuwepo. Tuliimba kama kawaida. Lakini baada ya ibada mama mmoja akanijia, "Mchungaji, leo vyombo vilikuwa na nini? Kuna kitu kimepungua, sijui ni kipi."

Mimi nilijua. Kijana wetu wa gitaa la besi hakuja. Jioni nikampigia simu. Akanijibu kwa upole, "Pasta, nilidhani hakuna mtu atajua sipo."

Ndugu yangu, neno hilo limeninyima usingizi. Desemba tulipofanya ibada ya shukrani, ni mimi niliyeshika maikrofoni. Nikataja waimbaji wote kwa majina, nikamtaja wa ngoma na wa kinanda. Yeye sikumtaja. Na amesimama pale kando ya spika miaka mitatu.

Wengi hatujui besi hufanya kazi gani. Ngoma inashika mwendo, kinanda kinajaza sauti, na besi ndiyo inayofunga hivyo viwili pamoja. Kinanda kikishika C, mpiga besi akashuka kwenye A, wimbo wa furaha unageuka wa huzuni papo hapo. Noti moja tu, na hakuna aliyemwona!

Wale tuliokuwa tukitazama kanda za Ron Kenoly tunaikumbuka Lift Him Up ya mwaka 1992. Aliyepiga besi pale ni Abraham Laboriel, mzaliwa wa Mexico. Akiwa mtoto mdogo alipoteza ncha ya kidole cha mkono wa kushoto. Alianza na gitaa la kawaida, baadaye akahamia besi, na amepiga katika rekodi zaidi ya 4,000. Tumecheza mbele za Bwana kwa besi yake. Ni wangapi wetu tunalijua jina lake?

Huko nje nako ni vivyo hivyo. James Jamerson wa Detroit alipiga besi katika nyimbo nyingi zilizoipa Motown jina miaka ya sitini, akitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Miaka yote hiyo majalada ya santuri hayakumtaja, mpaka albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Alifariki 1983 akiwa na miaka 47. Mwaka 2000 ndipo akaingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Heshima ilimkuta kaburini.

Dunia ikimsahau mtu wake, hiyo ni dunia. Kanisa je?

Fungua 1 Mambo ya Nyakati 15:21. Daudi analeta Sanduku Yerusalemu, na kuna wapiga vinubi wa Sheminithi. Wasomi wengi wanaona Sheminithi ni sauti ya chini. Hao ndio watu wa besi wa siku zile! Wako sita, na wote sita wametajwa kwa majina. Roho Mtakatifu hakuandika "na wengineo."

Najua mtu atasema, "Mchungaji, mtumishi wa kweli hatafuti sifa za wanadamu, thawabu yake iko mbinguni." Ni kweli. Lakini hilo ni neno la mtumishi kujiambia mwenyewe. Sisi tusimwambie yeye ili tupate kisingizio cha kutomshukuru. Mwaka huu tumenunua maikrofoni mbili mpya, na nyuzi za besi zimechakaa. Paulo alisema viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi (1 Wakorintho 12:22). Bajeti yetu inasema kinyume.

Jumapili hii nitamwita mbele, nitaje jina lake, na nimwombe msamaha mkiwa mnasikia. Nyuzi mpya zitakuwepo.

Na wewe unayesoma, kuna mtu anayekushikilia kwa sauti ya chini. Labda ni mama anayekuombea alfajiri, au yule anayefagia kanisa Jumamosi. Mtafute leo. Mtaje kwa jina, umuulize kama ana nauli. Usingoje akose kuja ndipo ujue alikuwepo.

Baba, tusamehe kwa wale tuliowasahau. Tupe masikio ya kusikia walio chini. Katika jina la Yesu.

Kama umekubali, sema Amina.

Mchungaji wenu.