Utabiri wa Kompyuta si Unabii

Siku hizi parokia ikitaka kununua kompyuta, muuzaji hutaja kwanza idadi ya viini: vinne, vinane, kumi na sita. Kiini ni ile sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe; prosesa yenye viini vinane ni kama karakana yenye mafundi wanane. Tunaambiwa viini vitazidi kuongezeka, na kasi itaongezeka navyo. La kwanza tunalikubali. La pili tunalikataa.

Tuanze na historia. Mwaka 1965 Gordon Moore alitabiri kwamba idadi ya transista katika kipande kimoja cha saketi itaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha: kila miaka miwili. Utabiri ulitimia kwa miongo kadhaa, watu wakauita sheria. Kasi ya prosesa nayo ilipanda, wengi wakadhani itapanda daima. Lakini ilipokaribia gigahezi 4, mnamo mwaka 2004, joto likawa kikwazo. Watengenezaji wakaacha kukimbiza kiini kimoja, wakaanza kuweka viwili katika prosesa za kompyuta za kawaida. Kumbe viini vingi vilienea kwa sababu utabiri mwingine ulishindwa!

Wanafalsafa tunamfahamu David Hume: jambo kujirudia mara nyingi jana hakuthibitishi kwamba litajirudia kesho. Sheria ya Moore haikuwa sheria ya maumbile. Ilikuwa mazoea yaliyobebwa na jasho la wahandisi na fedha nyingi.

Mwaka 1967 Gene Amdahl alionyesha kikomo kingine. Tuseme kazi inachukua dakika 100, na dakika 10 kati ya hizo haziwezi kugawanywa. Hata ukiweka viini elfu moja, kazi hiyo haitakwisha chini ya dakika 10. Jikoni kwetu seminarini tunalijua hilo: watu kumi watamaliza haraka kuchambua maharage, lakini hawataivisha ugali mara kumi upesi zaidi.

Basi sisi tunatabiri hivi. Katika mashine kubwa zinazohudumia maelfu ya watu kwa pamoja, viini vitaendelea kuongezeka, maana kazi zao zinagawanyika. Mwaka 2024 tayari kulikuwa na prosesa yenye viini 192. Lakini kompyuta ya ofisi ya parokia, inayoandika vyeti vya ubatizo na hesabu za sadaka, haitafaidika sana.

Kwa hiyo, kamati za fedha ziulize kwanza: kompyuta hii itafanya kazi gani, na je, programu zetu zinaweza kugawa kazi hiyo? Kama jibu ni hapana, wanunue ya bei nafuu, na fedha inayobaki iende penye uhitaji. Ni fedha ya waamini, na wengi wao wameitoa kwa kujinyima.